Damu baada ya kukoma hedhi: ultrasaundi peke yake haitoshi

Siku hizi mkazi wa Nyamagana halazimiki kufika Bugando ili apate ultrasaundi. Huduma hiyo ipo Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure, na vituo binafsi mjini pia vinaitoa. Hayo ni maendeleo. Lakini wapo akina mama wanaolipia ultrasaundi ya tumbo, wanaambiwa "hakuna tatizo", kisha damu ikirudi wanakaa nayo kwa sababu wameshapimwa.

Hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona. Damu yoyote baada ya hapo, hata tone moja, inahitaji uchunguzi. Mara nyingi chanzo si saratani: ukuta wa uke umekuwa mwembamba, au kuna vinyama vya kawaida. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye dalili hii, karibu 9 hukutwa na saratani ya mji wa mimba.

Ultrasaundi inaonyesha nini?

Inapima unene wa utando wa ndani wa mji wa mimba. Ile ya kupitia ukeni huona vizuri kuliko ya juu ya tumbo. Utando usipozidi milimita 4, uwezekano wa saratani hiyo ni mdogo sana. Ukizidi, kinyama kidogo huchukuliwa kikapimwe maabara. Damu ikiendelea kurudi, kinyama huchukuliwa hata kama utando ni mwembamba.

Nini inaweza kukosa?

Mlango wa kizazi. Saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na ikiwa changa ultrasaundi inaweza isiione. Kigezo cha milimita 4 kilitokana zaidi na tafiti za nchi ambako wanawake wengi huchunguzwa mlango wa kizazi mara kwa mara. Kwetu wengi hawajawahi kuchunguzwa, hivyo picha nzuri isifunge faili.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwa mama huyu, bima itakuwa na maana ikilipia njia nzima: kuangaliwa mlango wa kizazi, ultrasaundi, kinyama na majibu yake.

Mama, ukipimwa uliza: Mlango wa kizazi umeangaliwa? Utando una milimita ngapi? Damu ikirudi, niende wapi? Majibu yaandikwe, uyatunze.