"CORONA HAIGUSI WATOTO": KAULI NILIYOISEMA MWENYEWE, LEO NAIKATAA

SEHEMU YA 1
Leo nina jambo limenikaa kooni. Naomba msome mpaka mwisho ndiyo mje kunisema.

Kuna kauli iliingia mtaani mwaka 2020 na mpaka leo haijatoka: "Corona haigusi watoto." Wiki hii nimeisikia tena kliniki, mama anamwambia mwenzake aliyekuwa na kichanga kinakohoa. Kabla sijaulaumu mtaa, nianze na mimi. Hiyo kauli na mimi niliisema. Machi 2020 shule zilipofungwa, akina mama walikuja wodini wanatetemeka, nikawaambia, "Msiwe na hofu, huu ni wa wazee." Nilitaka kuwatuliza, kumbe nimewapa nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuja kuumiza watu.

SEHEMU YA 2
Tuanze na nusu iliyo kweli, maana sitaki kumtisha mtu.

Watoto wengi sana wakipata corona wanaumwa kidogo tu. Mafua, kikohozi, homa siku mbili tatu, wengine kuharisha kidogo, wengine hata huoni dalili. Waliojaza vitanda dunia nzima walikuwa watu wazima, hasa wazee na wenye sukari na presha. Kwa hiyo ukiniambia, "Nesi, wangu wanne walikohoa wote wakapona na uji wa moto," nakuamini kabisa.

Lakini jamani, "wengi" sio "wote". Na "hawaumwi sana" sio "haiwagusi". Surua nayo watoto wengi wanapona. Mbona hatusemi surua haigusi watoto?

SEHEMU YA 3
Sasa nusu nyingine. Mwaka 2022 madaktari walichapisha utafiti wa watoto na vijana 469 waliolazwa kwa corona katika nchi sita za Afrika, na majirani zetu Kenya, Uganda na Kongo wakiwemo. Waliofariki ni 39. Yaani katika kila watoto 100 waliolazwa, takriban 8 hawakurudi nyumbani.

Soma vizuri hapo: WALIOLAZWA. Sio kila mtoto aliyepata corona, maana hao wengi walikaa nyumbani wakapona. Ila hao waliozidiwa walikuwa watoto wa Afrika, katika hospitali kama hizi zetu, sio hadithi ya Ulaya.

Na nani alikuwa kwenye hatari zaidi? Watoto chini ya mwaka mmoja, na wenye magonjwa mengine ya kudumu mwilini. Sasa niambie, yule mama mwenye kichanga aliyeambiwa "haigusi watoto", nani atamwambia kwamba wake yuko kwenye kundi la kuangaliwa kwa makini? Na mama mwenye mtoto wa sikoseli, wa moyo, aliyezaliwa njiti? Ile kauli imewafuta wote kwa mkupuo.

SEHEMU YA 4
Niwape kisa, sitataja mtu wala mahali.

Kijana wa miaka tisa, mzima kabisa, mchezaji mpira. Homa siku tano. Duka la dawa wakampa dawa ya malaria bila kumpima. Haikushuka. Mahali pengine wakamwambia ni taifodi, akapewa antibayotiki. Haikushuka. Macho yakawa mekundu bila tongotongo, tumbo linamuuma, anatapika, vipele mwilini. Alipofika kwetu mikono ya baridi, mapigo yanakimbia, presha iko chini.

Daktari akamuuliza mama swali moja: "Kuna mtu aliumwa kikohozi nyumbani mwezi uliopita?" Mama akasema ndiyo, bibi yake, na wote walipata mafua, yakaisha.

Mafua yaliisha. Ila kuna watoto wachache ambao wiki mbili mpaka sita baada ya corona, kinga ya mwili inachachamaa na kuushambulia mwili wenyewe: moyo, utumbo, mishipa ya damu. Wataalamu wanaita MIS-C. Ulianza kuripotiwa Uingereza Aprili 2020. Ni ugonjwa wa nadra, narudia, NADRA. Lakini unapenda watoto wa umri wa shule, na wengi wao hawakuwa na ugonjwa wowote kabla. Ukiwahiwa, wengi wanapona. Ukichelewa, moyo unachoka.

Yule kijana alipona, ashukuriwe Mungu. Ila sitasahau mama yake alivyonigeukia usiku ule: "Nesi, si nyie mlisema haigusi watoto?"

Sikuwa na jibu. Siku tano zile alizopoteza, tulichangia na sisi wenye sare.

SEHEMU YA 5
Kuna kitu kinanishangaza. Watu wale wale waliosema haigusi watoto ndio waliowapigisha watoto nyungu! Kama haiwagusi, unamfukiza ili iweje?

Mama zangu, nyungu sio ya mtoto. Mtoto hatulii. Unamfunika blanketi, sufuria la maji ya moto liko katikati ya miguu yake, akirusha mguu mara moja tu yamemwagika mapajani. Wala hili sio la kwetu peke yetu. Huko Birmingham, Uingereza, mwaka huo huo 2020 madaktari walipiga kelele kwamba watoto wanaoungua kwa kufukizwa wameongezeka ghafla. Mvuke hauui kirusi kilichoko mwilini, ila maji ya moto yanachuna ngozi ya mtoto. Mafua yangeisha yenyewe wiki hiyo hiyo. Kovu halitaisha.

SEHEMU YA 6
Na upande wa pili wa shilingi ile ile ni hofu. Wengine waliogopa hospitali kuliko ugonjwa, kadi ya kliniki ikawekwa kabatini. "Nitampeleka corona ikiisha."

Shirika la UNICEF lilipiga hesabu: kati ya mwaka 2019 na 2021 watoto milioni 67 duniani walikosa chanjo zao, baadhi au zote. Surua, kifaduro na pepopunda havikwenda likizo. Corona ilimdhuru mtoto bila hata kumwingia puani: ilimnyima sindano yake.

Hebu kachukue ile kadi sasa hivi uiangalie. Kuna nafasi iko wazi? Nenda. Usione aibu kwamba umechelewa. Na nesi atakayekufokea mwambie mwenzake huku amekataza.

SEHEMU YA 7
Haya, tufanyeje? Kirusi bado kipo, na kikohozi cha mtoto hakina jina usoni. Huhitaji kujua kama ni corona au nimonia. Unahitaji kujua lini pa kukimbilia.

Mtoto kakohoa, ana homa, lakini anacheza, ananyonya, anakula: mpe vinywaji kwa wingi, parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, nyonyesha. Usimpe aspirini. Usimpe antibayotiki iliyobaki ya kaka yake. Mama ukiwa na kikohozi wewe, endelea kunyonyesha, nawa mikono na vaa barakoa. Ila mtoto chini ya miaka miwili usimvalishe barakoa kabisa, atakosa pumzi.

KIMBIA hospitali, hata kama ni saa nane usiku, ukiona:
– hawezi kunyonya wala kunywa
– anatapika kila kitu
– degedege
– amelegea, haamki vizuri
– mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi
– midomo inakuwa ya bluu au ya kijivu
– kichanga chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote
– anahema haraka. Mhesabu dakika nzima akiwa ametulia: chini ya miezi miwili, 60 au zaidi, miezi miwili mpaka mwaka, 50 au zaidi, mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi.

Na kwa wale wakubwa: homa ya siku tatu au zaidi, pamoja na macho mekundu, vipele, au tumbo kuuma na kutapika. Usizunguke madukani. Na ukifika sema mwenyewe: "Wiki kadhaa zilizopita tuliumwa mafua nyumbani." Sentensi hiyo moja inaweza kumfumbua macho daktari.

SEHEMU YA 8, YA MWISHO
Kwa wauguzi wenzangu mnaosoma. Najua foleni ilivyo, najua tumechoka. Ila tuache kumtuliza mama kwa kumpa maneno mafupi. Mama sio mtoto. Mwambie yote: "Wengi wanapona, wachache wanazidiwa, na dalili za kuzidiwa ni hizi." Haichukui hata dakika mbili. Kuniambia mama hataelewa ni dharau. Mama anayejua bei ya nyanya masoko matatu atashindwa kuhesabu pumzi za mwanae?

Na kwenu mama zangu: mkisikia tena mtu anasema haigusi watoto, msigombane naye. Mwambieni tu amalizie sentensi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Mtumie post hii mwenye kichanga. Na yule mama wa siku ile, kama unasoma: jibu lako nililikosa usiku ule. Ndiyo hili. Nisamehe nimechelewa.