Mfarakano Hauzuki Wenyewe

Katika lugha ya Kiingereza liko neno "discord". Vijana wanaosoma katika shule za Eastlands, mashariki ya Nairobi, hulikuta vitabuni, hufungua kamusi, huandika "mfarakano" pembeni, kisha hupita. Tafsiri hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Na upungufu wake si jambo la mtihani tu. Neno likitumiwa ovyo huweza kumficha mkosaji na kumlaumu asiye na kosa.

Asili ya neno hilo ni Kilatini. Sehemu yake ya kwanza yaarifu kutengana, na ya pili ni moyo. Maana yake ya awali, basi, ni mioyo iliyotengana. Wanamuziki nao hulitumia kwa sauti zinazogongana na kuudhi sikio. Katika maana zote mbili neno hili latuonyesha hali, halituonyeshi mtu. Mioyo imetengana, lakini nani aliyeitenga? Neno halijibu.

Kiswahili chajibu, tukitaka. Chukueni ploti moja ya Eastlands, yenye vyumba kumi na mfereji mmoja. Majirani wawili wakigombania zamu ya maji, huo ni ugomvi. Jioni wataazimana chumvi. Wasiposemezana mwezi mzima, huo ni mfarakano. Lakini akitokea wa tatu, akamnong'oneza huyu kwamba yule amemsema, na yule kwamba watu wa kabila la huyu ndivyo walivyo, hiyo ni fitina. Na fitina ina mwenyewe. Hata vitenzi vyetu ni hodari. Tukisema watu "wamefarakana", lawama tumewagawia sawasawa. Tukisema "wamefarakanishwa", msikilizaji hana budi kuuliza: na nani?

Swali hilo ndilo linaloogopwa. Kwa hiyo twasikia redioni na barazani kwamba "machafuko yalizuka", kana kwamba yalichipuka kama uyoga baada ya mvua. Nasema kwamba usemi huo aghalabu ni wa uvivu, na mara nyingine ni wa hila.

Itazameni historia ya Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako mkubwa ulioitwa Operation Anvil. Askari waliizingira mitaa ya Waafrika, wakawachambua wakazi kwa kabila: Wakikuyu, Waembu na Wameru walishikwa wakahojiwa, na maelfu yao wakatiwa kizuizini bila kuhukumiwa. Majirani walioishi ukuta kwa ukuta hawakufarakana siku ile. Walitenganishwa kwa amri ya watu wenye vyeo.

Tena baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, watu wa Mathare na Huruma walifukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ya kabila. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Iliona kwamba mahali pengine ghasia zilianza bila mpango, na mahali pengine zilipangwa na wanasiasa na wafanyabiashara. Kumbe "yalizuka" ni nusu ya kweli tu! Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mkataba ambao kwa Kiingereza uliitwa "accord", neno lenye moyo uleule wa Kilatini ndani yake. Mioyo ya wakubwa ilipatana. Lakini kesi za ghasia hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikwisha, ya mwisho mwaka 2016, bila mshtakiwa hata mmoja kutiwa hatiani. Waliotenganishwa walionekana kwa macho. Waliowatenganisha walibaki katika kivuli cha neno "yalizuka".

Wako watakaosema kwamba kumtafuta mtendaji ni kufukua makaburi, na kwamba hiyo nayo ni fitina. Sivyo. Mfitini husema gizani na hana ushahidi. Mkweli husema mchana na ushahidi anao. Wengine watasema kwamba mchochezi hakumshika mtu mkono akamchomee jirani nyumba. Hilo ni kweli, wala silipingi. Aliyefarakanishwa naye ana masikio, na aliyakubalisha. Sentensi iliyo kamili huwataja wote wawili, aliyewasha na aliyepepea. Sentensi ya uongo ni ile isiyomtaja hata mmoja.

Wala msikubali kuambiwa kwamba kuchanganyika kwa makabila katika mtaa mmoja ndiko mfarakano wenyewe. Walioimba katika kwaya za shule wanajua kwamba sauti nne tofauti si kelele. Kelele huja mwimbaji mmoja anapoiacha nota yake kwa makusudi ili asikike peke yake. Hapo mwalimu mwenye sikio zuri haivunji kwaya nzima. Humtafuta huyo mmoja.

Basi, enyi vijana, mnapokuta imeandikwa kwamba katika mtaa fulani "kulizuka mfarakano", msipite. Shikeni kalamu, mwandike pembeni neno moja tu: nani?