Tunapompima Kijana Anavyojithamini

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliniletea matokeo ya hojaji aliyowapa wanafunzi wa darasa la saba katika shule moja ya wilaya ya Newala. Msichana mmoja alikuwa wa mwisho, na kando ya jina lake palikwisha andikwa: "Hajithamini." Nilipomwuliza binti huyo faraghani sababu ya majibu yake, alinijibu: "Mwalimu, si adabu kujisifu mbele ya mkubwa."

Hojaji ile ilitokana na kipimo alichokitoa Morris Rosenberg, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, mwaka 1965, baada ya kuwachunguza wanafunzi wa sekondari wa jimbo la New York. Kina sentensi 10, nusu za kujikubali na nusu za kujikataa, na kila moja ina majibu manne. Ni kipimo chepesi, nacho kimetumika katika nchi nyingi. Kosa letu ni haraka ya kukiamini.

Kwanza, tutazame lugha. Ukimwuliza mtoto, "Hukula?" hujibu, "Ndiyo," maana yake hakula. Basi asomewapo sentensi kama "Sina faida kwa wenzangu," kisha atakiwe kukubali au kukataa, atajibu lipi? Mwaka 2005 David Schmitt na Jüri Allik, waliolinganisha majibu ya mataifa 53, walionyesha kuwa sentensi za kujikataa hazikueleweka namna moja kila mahali. Tena neno "kujivunia" lina harufu ya majivuno, na mtoto aliyelelewa vema hulikwepa.

Pili, tutazame mahali. Huku Masasi na Newala, kijana aliyepita jandoni, au binti aliyepita unyagoni, hupewa jina jipya na kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Akirudi darasani huitwa kwa jina la utotoni, na pengine hupigishwa magoti mbele ya wadogo zake. Nyumbani ana heshima, shuleni hana. Je, jumla moja ya alama itatueleza yupi kati ya hao wawili?

Kwa hiyo nawashauri walimu watarajiwa mambo matatu. Sentensi zijaribiwe kwanza kwa mdomo kwa wanafunzi wachache, nao waeleze walivyozielewa. Majibu yatolewe faraghani, wala yasitumiwe kuwapanga watoto kwa nafasi. Mwisho, mwalimu amtazame kijana kazini na michezoni kabla ya kutoa neno lolote juu yake.

Alasiri ya siku ile ile tulimwona binti yule akiwagawia wenzake zamu za kuteka maji, nao, hata wavulana, wakimtii bila ubishi. Mwanachuo wangu alitazama kitambo, kisha akatoa kalamu akalifuta neno lile.