Orodha ya Vifaa vya Boti ya Tajiri, na Abiria wa Ziwa Victoria

Anayetaka kujua jamii inauthamini vipi uhai wa binadamu aziache hotuba za viongozi wake kwa muda. Asome orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya vyombo vyake vya majini, kisha aulize kila chombo kinambeba nani.

Nianze na boti binafsi ya kifahari, ya urefu wa mita 15 au 20, ya aina inayoonyeshwa kwa wanunuzi matajiri. Ndani yake mna vyumba vya kulala vyenye viyoyozi, jiko kamili, friji, jenereta, na mtambo unaochuja chumvi ya bahari na kutoa maji ya kunywa. Ina injini mbili, ili moja ikizimika nyingine imrudishe mwenye boti nyumbani. Baadhi zina kifaa cha kuzuia kuyumba, mvinyo usimwagike mawimbi yakija. Hii ni orodha ya raha, na sina ugomvi nayo. Aliyepata fedha kwa halali akazitumia kulala juu ya maji hajanidhulumu chochote.

Orodha ninayotaka tuisome kwa makini ni ya pili, ambayo muuzaji huipitia haraka kwa sababu mnunuzi anaichukulia kuwa jambo la kawaida. Humo mna rada, kipima kina cha maji na ramani ya kielektroniki. Mna redio inayosikiliza chaneli 16, ambayo dunia nzima huitumia kuomba msaada majini, na kifaa kidogo ambacho chombo kikizama hutuma ishara kwa setilaiti na kusema kiko wapi. Mna pampu zinazojiwasha zenyewe maji yakiingia tumboni mwa chombo, vizima moto, fataki za dharura, na boti ya mpira inayojijaza upepo ikitupwa majini. Kila aliyemo ana jaketi lake la kuokolea maisha, na watoto wana ya kwao yanayowaenea. Karibu na usukani kuna kibati cha kiwandani kinachotaja idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa kupanda.

Mtu wa Tinde, kilomita nyingi kutoka ufukweni, atauliza haya yananihusu nini. Tinde ni njia panda. Barabara inayotoka Nzega inagawanyika hapo: moja inakwenda Shinyanga na Mwanza, nyingine inashika Isaka na Kahama. Vijana wetu hupita hapo kwenda kutafuta riziki kwenye machimbo ya Geita, na dhahabu ikiwanyima huishia ziwani, kwenye dagaa na sangara. Mama zao huwafuata na magunia ya mchele. Na ziwa lenyewe tunalijua kwa kulisubiri: maji yake, yanayovutwa Ihelele wilayani Misungwi, yalifika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na Tinde ikaendelea kungoja kwa zaidi ya muongo mmoja. Sisi wa bara ni watu wa ziwa pia, na orodha ya usalama ya ziwa hilo ni yetu.

Orodha hiyo inasemaje? Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, wengi kuliko idadi yote iliyoruhusiwa kupanda. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Kilisajiliwa kubeba abiria 101. Walioopolewa wamekufa ni 228, na walionusurika ni 41. Chukua kalamu ujumlishe mwenyewe. Usiku ulipoingia kazi ya uokoaji ilisimamishwa hadi asubuhi, mita chache tu kutoka nchi kavu.

Kisha, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Walikufa 19. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi, na taifa zima lilimfahamu kijana aliyepambana na mlango wa ndege kwa kasia. Tulimpongeza, tukampa zawadi na ajira, na alistahili. Lakini miaka 26 baada ya MV Bukoba, katika mji uleule ambao meli ile ilibeba jina lake, chombo cha kwanza cha uokoaji cha Jamhuri ya Muungano kilikuwa kasia la mvuvi. Pongezi zetu zilipaswa kuandamana na aibu.

Wapo watakaonijibu kwamba tajiri analazimishwa na sheria za kimataifa kuwa na vifaa hivyo. Ukweli ni wa ajabu zaidi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliozaliwa na msiba wa Titanic wa mwaka 1912 na ambao toleo linalotumika sasa ni la mwaka 1974, kwa sehemu kubwa hauzihusu boti za starehe zisizofanya biashara. Na mkataba huohuo unaviacha nje vyombo vya mbao vilivyoundwa kienyeji. Kwa hiyo boti ya tajiri na mtumbwi wa abiria wa Nkome vimekaa pamoja nje ya mlango wa sheria moja. Mmoja alijinunulia usalama alioachiwa huru asiununue. Mwingine hana cha kununulia, na dola iliyopaswa kusimama mahali pake mara nyingi imechelewa kufika. Katika pengo hilo ndimo watu wanamokufa.

Jibu la pili ni kwamba nchi yetu ni maskini. Nalikataa. Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Nalipongeza, kwa kuwa limewaondolea wasafiri wa Geita adha ya foleni ya kivuko. Lakini nchi inayoweza kujenga daraja hilo haiwezi kusema haina fedha za redio na majaketi kwa ajili ya wale ambao hakuna daraja litakalowafikia: watu wa Ukara, Maisome, Kome na Izumacheli. Dhahabu ya Geita nayo inachimbwa mwambao huohuo. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inawataka wenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri zetu zimezoea kuomba madarasa na zahanati, na ni haki yao. Ni halmashauri ngapi zilizowahi kuweka boti ya uokoaji katika mpango huo?

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, na hutolewa na watu wasomi: abiria wenyewe hawajali, wanajazana, hawataki kuvaa majaketi. Mwenye boti ya kifahari hajazani na mtu kwa sababu hasubiri chombo kimoja tu kinachopita siku ya gulio. Mama mwenye gunia na mtoto mgongoni haulizwi kama angependa kivuko kingine. Anaulizwa kama anapanda au anabaki. Na jaketi lililofungiwa stoo, au lililochanika, au lisilomwenea mtoto, si jaketi. Kabla ya kumlaumu abiria, tuoneshwe lile alilokataa kulivaa.

Hatari nyingine ni viongozi kuitamani orodha ya kwanza kwa fedha za umma. Mobutu Sese Seko alikuwa na meli yake ya anasa, Kamanyola, akikaribisha wageni juu ya Mto Kongo huku raia wake wakisafiri mto uleule juu ya majahazi yaliyofurika watu na mizigo. Nchini Nigeria, mwaka 2023, bajeti ya nyongeza ilikuja na naira bilioni 5 kwa ajili ya boti ya rais. Wananchi walipiga kelele, na Baraza la Wawakilishi likazihamishia fedha hizo kwenye mikopo ya wanafunzi. Wanafunzi wangu na waikumbuke habari hiyo kila wanapoambiwa kwamba kelele za raia hazibadilishi bajeti.

Sidai boti ya tajiri itozwe kodi ya chuki. Nadai orodha yake ya pili inakiliwe, kifaa kwa kifaa, na ipewe wasioweza kuinunua.

Kwanza, idadi ya abiria wanaoruhusiwa iandikwe kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa kila kivuko na kila boti ya abiria, na kwenye lango la gati, ili hata mtoto wa darasa la tatu aweze kuhesabu na kukataa kupanda.

Pili, kila chombo kinachotoza nauli kiwe na redio inayofanya kazi, na upande wa pili wa redio hiyo awepo mtu aliye macho saa 24. Serikali kupitia TASAC imeanzisha mradi wa kituo cha utafutaji na uokoaji Mwanza. Ni hatua njema. Ila kituo cha Mwanza kitaokoa watu wa Nkome na Chato iwapo tu huko nako patakuwa na boti zenye mafuta na wahudumu waliofunzwa.

Tatu, wavuvi, ambao ndio waokoaji wetu wa kweli, wapewe mafunzo, majaketi na bima, na wanapotumia petroli yao kuokoa watu warudishiwe.

Nne, ripoti za tume za ajali za majini ziwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuzisoma. Baada ya MV Nyerere bodi zilivunjwa na maofisa walikamatwa, na nchi ikaombolezea bendera zikiwa nusu mlingoti. Hasira hupoa, ripoti iliyo wazi hubaki mikononi mwa raia.

Ndugu watumishi wa umma mnaosoma hapa, mwezi wa bajeti hufika kila mwaka. Mtakapokaa kupanga mafungu, na mtu mezani akaita redio ya kivuko cha Ukara kuwa gharama inayoweza kusubiri mwaka ujao, mwulizeni kama yeye angempandisha mwanawe kwenye chombo hicho leo jioni, siku ya gulio.