Kadi ya grafiki inaweza kusubiri

Mtu anayepanga kununua kompyuta ya kuchonga wahusika wa 3D na kuwatengenezea filamu mara nyingi huanza na kadi ya grafiki. Huchagua yenye namba kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, kisha chenji inayobaki ndiyo inunue memori, prosesa, skrini na vingine vyote. Ushauri huo umetoka kwa wacheza gemu, na kwao una mantiki, maana sehemu kubwa ya mzigo wa gemu hubebwa na kadi. Kwa mchongaji ni ushauri wa hasara. Fedha za kwanza zinapaswa kugharimia zile saa ambazo msanii ameketi anafanya kazi kwa mkono wake. Saa ambazo kompyuta inakokotoa picha peke yake usiku, mwenyewe amelala, zifikiriwe mwishoni. Tukipanga hivyo, kadi inashuka hadi nafasi ya nne au ya tano kwenye orodha ya manunuzi.

Tutazame uchongaji wenyewe. ZBrush, programu ambayo studio kubwa za filamu zimeitumia kwa zaidi ya miaka 20, huchonga kwa nguvu ya prosesa na memori; kadi ya bei mbaya haiipi brashi yake kasi ya maana. Blender, ambayo ni ya bure na kwa hiyo ndiyo inayofikika kwa wengi, huihitaji kadi ili kuonyesha umbo kwenye skrini, lakini hesabu za brashi inayosukuma na kukwangua umbo hilo hufanywa na prosesa. Uso wa mzee wenye mikunjo na vinyweleo hufika poligoni milioni kadhaa bila kutarajia, na zote hukaa kwenye memori (RAM) pamoja na kumbukumbu ya kila hatua ambayo msanii anaweza kutaka kuirudia. Memori ikijaa, kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski, na kila mguso wa kalamu unageuka kuwa kungoja. Watengenezaji wa Blender wenyewe wametaja GB 8 za RAM kuwa kiwango cha chini na GB 32 kuwa kinachopendekezwa. Mwenye GB 32 na kadi ya kawaida atamaliza kazi nyingi kuliko mwenye GB 8 na kadi ya kifahari. Ni kweli kwamba bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Hiyo ni sababu nyingine ya kutomaliza bajeti kwenye kadi kabla ya kufikia memori.

Kisha kuna kalamu, na hapa ndipo ubahili huumiza zaidi. Kipanya kinajua mahali mkono ulipo, lakini hakijui umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, ilhali kuchonga ni suala la nguvu ya mkono: kugusa kidogo kwenye kope, kukandamiza kwenye taya. Tableti ya kuchorea isiyo na skrini, ya Huion, XP-Pen au Wacom ndogo, ni sehemu ndogo tu ya bei ya kadi nzuri. Hata hivyo utakuta mashine yenye taa za rangi zote kwenye feni, na pembeni yake kipanya cha ofisini.

Pingamizi zito ni la kurenda, yaani kuigeuza kazi iliyokamilika kuwa picha za filamu. Hapo kadi hutawala kweli, na hesabu yake inatisha. Dakika moja ya filamu kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 1,440. Fremu moja ikichukua dakika 5, kompyuta itafanya kazi saa 120, yaani siku 5 mfululizo. Lakini ndani ya Blender kuna njia mbili za kurenda. Cycles hufuata mwanga kwa uaminifu na huchukua muda. EEVEE hufanya makisio ya haraka. Fremu zilezile zikichukua sekunde 5 kila moja, dakika hiyo ya filamu inatoka kwa saa 2. Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender na kurendwa kwa EEVEE kwenye kompyuta ya mwongozaji mwenyewe, bila ghala la mashine. EEVEE nayo hutumia kadi, sikatai, lakini kilichookoa muda ni uamuzi wa kisanii kuhusu sura ya filamu. Na anayelazimika kutumia Cycles anaweza kukodi mashine za wengine mtandaoni, au kutumia SheepIt, ambako watu hurendiana kazi za Blender bila malipo. Saa za kurenda zinaweza kukodiwa. Saa za kuchonga kwenye mashine inayokwamakwama hakuna wa kukusaidia nazo.

Hata siku ya kununua kadi ikifika, namba ya jina inadanganya. RTX 3070 ina kasi kuliko RTX 3060, lakini ya kwanza ina GB 8 za memori yake ya ndani na ya pili, katika toleo lake la mwanzo, ina GB 12. Tukio zito lisiloenea kwenye GB 8 linaweza kugoma kabisa au kurendwa kwa kujikokota, na hapo kasi haisaidii kitu. RTX 3060 ya laptopu, yenye jina lilelile, ina GB 6 tu.

Wapo watakaosema kwamba laptopu ndiyo jibu kwa sababu umeme hukatika. Betri yake huokoa kazi isipotee, na kwa mwanafunzi anayehama chumba kila muhula sina ubishi. Ila laptopu yenye kadi kubwa hupunguza nguvu inapotumia betri, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hujipunguza hata ikiwa kwenye umeme. Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye UPS hutoa kazi zaidi kwa fedha ileile, mradi mnunuzi awe macho. Yale makasha membamba ya ofisini hayana nafasi wala umeme wa kubeba kadi kubwa baadaye, na mengi hutumia pawa saplai ya kipekee isiyobadilishwa kirahisi. Mashine za zamani zenye prosesa za Xeon zina viini vingi, lakini kila kimoja ni cha polepole, na kumchezesha mhusika mwenye mifupa mingi hutegemea sana kasi ya kiini kimoja. Na asiyekuwa na hata hiyo fedha anaweza kuanza na programu ya Nomad Sculpt kwenye tableti ya Android iliyopo nyumbani.

Kuna kundi moja ambalo hoja hii hailigusi. Ni wale wanaolipwa na wasanifu majengo kutoa picha za nyumba kabla hazijajengwa. Hawachongi sana, maumbo yao mengi hununuliwa au kupakuliwa yakiwa tayari, wateja wao hudai mwanga halisi dirishani, na marekebisho huombwa jioni yakitakiwa asubuhi. Hao wanunue kadi kwanza, tena yenye memori nyingi.