Dawa ilikuwapo miezi sita, shimo likaachwa wazi

Siku ya Posho, tarehe 25 Januari 2003, programu ndogo ya baiti 376 tu ilizunguka dunia nzima na kuziba njia za intaneti. Ndani ya dakika 10 ilikuwa imekwisha kuingia katika sehemu kubwa ya seva ilizoweza kuzishika. Zilizohesabiwa zilifikia karibu 75,000. Wataalamu waliiita Slammer.

Ilipitia kwenye shimo la SQL Server 2000, programu ya kampuni Microsoft inayotumiwa kutunza hesabu, majina na habari za wateja. Programu hiyo ilikuwa inapokea ombi kutoka nje bila kupima urefu wake. Ombi lililozidi kipimo lilimwagika kama maji katika bidoni iliyokwisha kujaa, na kile kilichomwagika kikageuka kuwa amri. Seva ikatii, kisha ikaanza kutafuta zingine za kushika.

Slammer haikuiba siri wala kufuta faili. Wingi wa ujumbe iliokuwa inatuma ulitosha kuleta hasara. Korea Kusini, watu wengi walikosa intaneti. Marekani, mashine za kutolea feza zipatazo 13,000 za Bank of America zilishindwa kuwahudumia wateja. Karibu na Seattle, wapokeaji wa simu za dharura walirudi kwenye kalamu na karatasi. Kwenye kituo cha nyuklia cha Davis-Besse, katika jimbo la Ohio, mfumo wa kuonyesha hali ya usalama ulizimika karibu saa tano. Kwa bahati, kituo chenyewe kilikuwa kimesimamishwa tayari.

Cha kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba shimo hilo tarehe 24 Julai 2002, miezi sita mbele ya msiba. Hata ndani ya Microsoft yenyewe, kuna ordinatere ambazo hazikuwekewa kiraka hicho, nazo zikashikwa.

Ni rahisi kuwatupia mafundi lawama zote, lakini si haki. Kuweka kiraka kunaomba seva isimamishwe kwa muda, na wakubwa wengi hawapendi kazi isimame. Tena, kuna waliokuwa na programu hiyo bila kujua, kwa sababu ilikuja imefichwa ndani ya programu nyingine waliyonunua. Mtu hawezi kuziba ufa asioujua.

Kwa hiyo kosa kubwa ni la uongozi. Anayetunza data za watu anapaswa kuwa na orodha ya kila seva na kila programu iliyo ndani, kumtaja fundi mwenye jukumu hilo, na kumpa saa ya kusimamisha mashine bila kugombezwa.

Jambo hili linawagusa hata wakaaji wa Goma, Bukavu na Bunia. Feza anayoiona mama muuzaji kwenye simu yake ni namba iliyoandikwa katika seva ya mbali. Yeye hawezi kwenda kuirekebisha. Anachoweza ni kuuliza, na anayo haki ya kujibiwa: kiraka cha mwisho kiliwekwa lini, na nani? Kampuni au ofisi isiyoweza kujibu swali hilo bado haijawa tayari kutunza mali ya wengine.