Saa ya kuimba si saa ya bure

Bakamarade, wazazi wenzangu, kuna neno lenye sipendi lipite kimya-kimya. Kwenye masomo moja ya watoto wa wafanyakazi wa mine, hapa kwetu, wazazi wenyewe wameomba saa ya kuimba iondolewe, ipewe hesabu na Kifaransa, juu ya mutihani wa mwaka wa sita. Baba mumoja alisema katika mukutano: «Miye natumika juu mutoto ajue hesabu. Kuimba, ataimba ku kanisa.» Watu wakapiga makofi.

Ninamuelewa. Anashuka ku mine usiku ili mutoto wake asishuke. Lakini tuangalie vizuri kile tunachokata.

Katika kalasi ya watoto 60, mwalimu anaandika ku tablo, wote wanakopi. Mumoja anashika mara moja. Mwingine anachanganya herufi b na d kila siku, hata akiwa na akili nyingi. Mwingine tena anarudisha pesa bila kukosea wakati anauza mikate na mama yake, lakini hesabu ya ku tablo inamushinda. Hao wawili tunawaita «kichwa nguvu». Wanarudia mwaka, wanarudia tena, kisha siku moja tunawakuta wakiosha mawe mutoni pamoja na wachimbaji.

Kuimba kunafanya nini hapo? Mwalimu akiimbisha hesabu ya mara saba, wimbo unashika namba kwa mustari: ukisahau moja, sauti inakuonyesha mahali pake. Akipigisha mikono kwa kila kipande cha neno la Kifaransa, yule ambaye herufi zinamutoroka anasikia neno linakatika wapi, mbele ya kuliandika. Si dawa, hapana. Kuna mutoto atakayeimba mara saba yote bila kukosea, halafu ukimuuliza saba mara nane, anarudi kuanza ku moja. Mwalimu mwenye kujua kazi anakata wimbo katikati na kuwaanzisha hapo. Na kuna wale ambao wimbo hauwasaidii kitu, wao wanataka vijiti mukononi. Sawa, wapewe vijiti.

Kuna kitu kingine chenye wachache wanaona. Mutoto mwenye hasikii vizuri anaweza kukosa dikte miaka mingi, wanasema ni muvivu. Wakati wa kuimba anaweza kuonekana: anachelewa nyuma ya wengine, anaangalia vinywa vyao. Sisi tuliozeeka karibu na mashini za kutoboa mawe tunajua vile mutu anaficha ubovu wa masikio!

Tena, hii si kitu kipya katika inchi yetu. Union Minière iliacha masomo ya watoto wa wafanyakazi mikononi mwa wamisionari, na shabaha yake ilikuwa kupata wafanyakazi wenye kutii, tusidanganyane. Hata hivyo, watoto waliimba. Elisabethville ilikuwa na korali ya Croix de Cuivre ya padri Anschaire Lamoral. Joseph Kiwele, mutunzi wa miziki, ndiye aliyekuwa minisitiri wa elimu katika serikali ya Katanga 1960. Na kule Kamina, padri Guido Haazen alikusanya wanafunzi na walimu, mwaka 1958 wakapeleka Missa Luba mupaka Ubelgiji. Sisemi kila mutoto atakuwa Mwenda wa Bayeke na gitare yake. Ninasema masomo yetu yalikuwa na kile tunachotaka kutupa.

Kama wakati wa hesabu hautoshi, sababu ni watoto 60 katika kalasi moja. Hilo tulidai kwa kampuni, tusiwalipishe watoto. Ngoma mbili, gitare moja na mafunzo kidogo kwa walimu ni kitu gani mbele ya bei ya tairi moja ya kamyo kubwa ya mine? Katika mazungumuzo ya mapatano ya kazi yanayokuja, nitaomba saa ya kuimba iandikwe pamoja na hesabu ya watoto kwa kila kalasi.

Mbele ya mukutano, fungua buletini ya mutoto wako, angalia mustari wa wimbo. Kama wameweka pointi na mutoto anakuambia hawajaimba hata mara moja tangu mwezi wa tisa, ulete ile buletini kwa delege wako.